Mzazi na Mwanawe Mtu Mzima Aliyeumia Ubongo

 

Katika misiba imfikayo Mwislamu iko ambayo watu wajua la kuifanya. Mtu akifa huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa, huzikwa, na majirani hujaa matangani. Mtu akivunjika mguu hufungwa, hungojewa, hupona. Lakini uko msiba ambao si kifo wala si ugonjwa wenye siku ya kwisha. Nao ni wa kijana aliyekwisha baleghe, mwenye kazi yake na pengine mke na watoto, aangukaye na mnazi au apinduliwaye na pikipiki barabarani, akaumia kichwa, akakaa siku nyingi hana fahamu, kisha akarejeshwa nyumbani kwa babake yu hai, naye si yule aliyetoka asubuhi ile. Watu huja kumjulia hali siku saba, kisha hutawanyika. Baba hubaki na mtu mzima asiyeweza kujigeuza kitandani, au awezaye kutembea walakini hakumbuki ya jana, na hasira zake hazina kizuizi. Ni yapi yampasayo baba huyo katika sheria, na ni yapi yamfaayo katika kumwuguza, ndiyo maneno ya somo hili.

Mas'ala haya si mageni katika Uislamu. Katika zama za Mtume (s.a.w.) alikuwako Madina mtu katika Ansari, jina lake Munqidh bin Amr, na wapokezi wengine husema ni mwanawe, Habban bin Munqidh. Alipata jeraha la kichwa lililofika mpaka kwenye ngozi ya ubongo, lile ambalo mafakihi huliita ma'muma. Hakufa, lakini ulimi wake uliharibika na akili yake ya kupima mambo ikadhoofika. Alikuwa mtu wa biashara, na kila alipotoka sokoni alikuwa amepunjwa. Jamaa zake wakamwendea Mtume wakamtaka amwekee hajri, yaani azuiliwe asiuze wala asinunue tena. Mtume akamwita mwenyewe akamkataza. Yule mtu akajibu kwamba hawezi kuvumilia kuacha biashara. Basi hakufungiwa mlango, wala hakuachwa kuwa windo la walaghai. Mtume alimfundisha neno la kusema kila afanyapo biashara, «la khilaba», maana yake hapana kuhadaana, na akampa khiyari ya siku tatu katika kila anunuacho: akiridhika akizuie, asiporidhika akirudishe. Ulimi wake haukuweza hata kulitamka neno lenyewe sawasawa. Imepokewa kwamba alipokuwa akirudisha bidhaa na mwuzaji akabisha, hupita mmoja katika sahaba akashuhudia kuwa Mtume ndiye aliyempa siku tatu, na bidhaa ikapokewa.

Mafakihi huileta hadithi hii katika mlango wa biashara, na wasomaji wengi huishia hapo. Lakini mwenye mwana aliyeumia ubongo ataona ndani yake jambo jingine. Jamaa walikuja kwa mapenzi, si kwa ubaya, na walitaka kufunga yote kwa mara moja, kwa kuwa kufunga yote ndiko kwepesi kwa mlinzi. Mtume alimwita mgonjwa akasema naye, akamsikiliza, akamwondolea kile kilichomdhuru tu, na kilichobaki akakizungushia ua. Na ua huo haukuwa kazi ya jamaa peke yao. Soko zima lilijua kwamba mtu huyu ana siku zake tatu.

Ama kwa nini tabia ya mtu hugeuka baada ya kuumia kichwa, jambo hili lafaa lifahamike, kwani ujinga wake huleta dhuluma nyumbani. Ubongo ni laini, nao umo ndani ya fupa gumu. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hugonga ukuta wa fupa, mishipa midogo hukatika, damu huvuja, kisha wote huvimba na kujibana wenyewe. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo imzuiayo mtu asiseme kila limjialo, ndiyo impangiayo siku yake na kumwanzisha katika kazi, na mara nyingi ndiyo iumiayo. Kisa mashuhuri kwa matabibu ni cha Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont katika Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, naye ana miaka 25, baruti ililipuka ikarusha mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 1, ukapenya shavu lake ukatokea utosini. Alisema na watu siku ile ile. Lakini alipopona mwili, tabibu wake Harlow aliandika kuwa amekuwa mtu wa matusi, asiyeshika shauri, na waajiri wake hawakumrudishia cheo chake. Wengi huishia hapo wakisimulia. Sehemu ya pili ina faida zaidi: mtu huyo baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi miaka kadhaa, kazi yenye saa zake na njia ile ile kila siku, na wachunguzi wa zama hizi huona kwamba utaratibu huo huenda ulimrudishia mengi. Alikufa mwaka 1860. Baba ambaye mwanawe aweza kutembea na afike hapo: kazi ndogo, saa ile ile, mahali pale pale, kufagia ua au kupanga samaki, ni dawa isiyouzwa.

Basi mwana huyu akimtukana babake, je, ni uasi kwa wazazi? La. Imepokewa na Abu Daud na wengineo kwamba kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka apate akili. Asiyekuwa na akili katika saa hiyo hana taklifu katika saa hiyo. Ampigaye ili kumtia adabu apiga kitanda. Na iko hali ya katikati iwatatizayo watu: mwana aliye mzima wa akili asubuhi, na jioni ubongo umechoka akapotea, kwani uchovu wa ubongo ulioumia ni mkubwa na haulingani na kazi iliyofanywa. Mafakihi wameijua hali hii tangu kale, wakasema kuwa mwenye kurukwa na akili nyakati fulani huhukumiwa kila wakati kwa hali yake: arudiwapo na akili atakalifiwa, ipoteapo ataachiliwa. Baba na ajifunze saa za mwanawe kama nahodha ajuavyo maji kujaa na kupwa, na maneno mazito ayaweke asubuhi.

Hapa hapana budi kusema juu ya pepo. Watu wa pwani wamezoea, mtu akigeuka tabia, kumwita mganga, kupunga, kufukiza, na wengine kumfunga kamba mwenye taabu. Kumsomea mgonjwa Kurani ni jambo jema lisilokatazwa. Lakini kutoa mali kwa mpungaji huku dawa ya kifafa imeachwa kununuliwa ni upotevu wa mali na hatari kwa roho. Ubongo ulioumia huweza kuleta kifafa hata baada ya miezi mingi, na dawa yake ikikatwa ghafla kifafa huja kwa nguvu zaidi. Ajapo kuanguka, na alazwe kwa ubavu, viondolewe vitu vigumu karibu naye, asitiwe kijiko wala kidole kinywani, na itazamwe saa: kikipita dakika 5 apelekwe hospitali. Hayo hayahitaji mganga.

Kuna wengine ambao hawasemi wala hawanyoshi mkono, macho yako wazi na hapana ajuaye kama ndani mna mtu. Mbele yao watu husema watakavyo: gharama, kifo, nani atachukua kiwanja. Mwaka 2006 mtafiti Adrian Owen na wenzake katika Uingereza walitangaza habari ya mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari, asiyeonyesha dalili yoyote ya fahamu. Walimweka katika mtambo upigao picha kazi ya ubongo, wakamwambia afikiri kuwa anacheza tenisi, kisha afikiri kuwa anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake ukafanya kazi sawasawa na wa watu wazima wa afya walioambiwa vivyo hivyo. Na mwaka 2024 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa uchunguzi mkubwa zaidi: katika watu 241 wasioitika neno kwa mwili, 60 walionyesha kwa mitambo kwamba hufuata amri waambiwayo. Ni mtu 1 katika kila 4. Mtambo huo hauko katika kila mji, wala baba haambiwi auze nyumba autafute. Faida iliyo karibu ni hii: asemwe kama asikiaye. Aingiaye chumbani amtolee salamu kwa jina, ajitaje yeye ni nani, aseme atakalolifanya kabla ya kumgusa, na maneno ya urithi yasemewe mbali. Kumstahi mtu mbele ya masikio yake hakungoji hakika.

Na juu ya madaraja ya maumivu, hospitalini hutajwa hesabu ambayo baba huambiwa bila ya kufafanuliwa. Ni kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974 na Teasdale na Jennett, cha kutazama macho, maneno na mwendo wa viungo. Chini kabisa ni 3, juu kabisa ni 15, na 8 kushuka huitwa maumivu makali. Hesabu hiyo ni ya mwanzo wa safari. Mara nyingi mgonjwa hurejea upesi zaidi katika miezi 6 ya kwanza, kisha polepole kwa miaka. Apatikanapo mkufunzi wa mazoezi ya viungo, kama katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili huko Dar es Salaam, ambako pia hutibiwa ubongo, baba asirudi bila ya kufundishwa mazoezi kwa mikono yake mwenyewe.

Hapa pana neno zito kwa wanaume. Wanavyuoni wa Shafii wamesema katika mlango wa hadhana, yaani kumlea asiyejiweza, kwamba wanawake ndio waifaao zaidi, na wa kwanza wao ni mama. Wanaume wengi hulishika neno hili wakaenda zao barazani. Lakini atazamwe aliye kitandani: ni mwanamume mzima, mzito, na uchi wake baina ya kitovu na magoti ni haramu kutazamwa ila kwa dharura. Mama amekwisha zeeka mgongo, na dada huona haya, na mgonjwa mwenyewe, kama fahamu zimo, huona haya kuliko wote. Kumwinua, kumwosha na kumbadilisha ni kazi imfaliayo babake na ndugu zake wanaume kwanza. Na aoshwe kwa kufunikwa shuka, mkono ukipita chini yake pamoja na kitambaa, isifunuliwe ila sehemu iliyo lazima. Kumwuguza mgonjwa asiye na mwangalizi mwingine ni udhuru wa kuacha jamaa, na Ijumaa pia, nao ni udhuru ambao wanaume wa pwani wausikia mara chache sana.

Kazi yenyewe ina mambo yake. Asiyejigeuza na ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, ubavu huu, mgongo, ubavu ule. Nyama ibanwayo na fupa hukosa damu, na kidonda cha kulala huanza kama doa tu, juu ya kitako, nyonga na visigino. Doa lisilofifia likiondolewa uzito ni onyo. Lisisuguliwe, bali pale pasilaliwe tena mpaka papone. Kidonda kikifika mfupani huweza kuua. Shuka iwe kavu, isiwe na mkunjo. Viungo vikunjuliwe polepole kila siku, vidole, kiwiko, goti, kifundo, maana kiungo kikiachwa kikakakamaa hakirudi kwa urahisi.

Katika kula mna hatari isiyoonekana. Ubongo ulioumia huweza kusahau njia ya kumeza, chakula kikaingia mapafuni, mtu akapata homa ya mapafu. Asilishwe amelala. Akalishwe wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, na kingine kisifuate mpaka cha kwanza kimezwe, na baada ya kula akae wima nusu saa. Watu hudhani maji ndiyo mepesi kuliko vyote, na kwa mtu huyu huenda yakawa ndiyo mabaya, kwa kuwa hukimbia kooni kabla hajajiandaa. Uji mzito huwa salama zaidi. Kikohozi kila anywapo, au sauti yenye maji baada ya kula, ni alama ya kumwendea tabibu.

Ama mali, hapo ndipo udugu huvunjika. Nafaka ya mwana aliyebaleghe kwa asili si juu ya babake. Lakini kitabu cha Abu Shujaa, kisomwacho madrasani pwani nzima, chataja wazi kwamba mwana akiwa maskini na tena kilema asiyeweza kuchuma, au maskini na mwenye wazimu, nafaka yake ni wajibu juu ya mzazi. Si sadaka, wala si wema wa kushukuriwa. Akiwa na mali yake, atatumiwa katika mali hiyo, na msimamizi wake ni nani? Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba mtu aliyebaleghe na akili yake, kisha wazimu ukamjia, usimamizi hurudi kwa yule aliyekuwa nao utotoni mwake: baba, kisha babu, kisha wasii, kisha kadhi. Msimamizi haruhusiwi kutoa hiba katika mali ya mwana wala kumsamehe mtu deni lake, na shamba lake haliuzwi ila kwa haja au faida iliyo wazi. Zaka ya mali hiyo hutolewa na msimamizi mwaka ukitimia. Fidia ya ajali pia ni mali ya mwana. Baba aliyejengea nyumba ya wakewe fidia ya kichwa cha mwanawe amekula asichopewa. Sheria imeipa akili uzito mkubwa, hata ikasema kuwa ampigaye mtu mpaka akili yake ikaondoka yote, diya yake ni ya mtu kamili, ngamia 100, na mtu mwenyewe yu hai.

Na katika Sura An-Nisai, aya ya 5, waliokatazwa kukabidhiwa mali ndio hao hao walioamriwa kulishwa, kuvikwa na kuambiwa maneno mema. Watu wengi hukumbuka lile katazo tu. Aliye na akili ya kununua mkate na apewe pesa ya mkate, na mwenye duka aambiwe. Hiyo ndiyo njia ya hadithi ya Munqidh.

Mkewe naye ana haki yake. Talaka itamkwayo hali akili haipo haipiti, wala baba hawezi kumtalikia. Lakini wazimu ni katika aibu zimpazo mke khiyari ya kuomba ndoa ivunjwe kwa kadhi, hata kama umezuka baada ya ndoa. Akiamua kukaa, analo fungu lake la heshima. Akiamua kwenda, asifukuzwe kwa masimango, na watoto wasikatwe na baba yao.

Sala za siku alizopotewa na fahamu hazilipwi kwa madhehebu ya Shafii. Akili ikirudi, husali awezavyo: kukaa, kwa ubavu, kwa mgongo, kwa ishara ya macho, na asiyeweza hata hilo huzipitisha moyoni. Wengi waliosahau majina ya watoto wao bado wana sura fupi midomoni, kwani mambo yaliyokaririwa tangu utotoni huwa ya mwisho kupotea. Kumwanzishia sura ile akaimaliza ni ibada na ni mazoezi.

Lililobaki ndilo baba huliahirisha. Yeye ni mkubwa kwa miaka, na kwa kawaida atatangulia. Akifa bila ya kuusia, mama, ambaye ndiye ajuaye kila kitu cha mgonjwa, hana usimamizi wa mali kwa sheria ya Shafii, na jambo huenda kwa kadhi asiyewajua. Walakini baba aweza kumfanya mama kuwa wasii, na Minhaj yasema kuwa mama akitimiza masharti ni bora kuliko wengine. Mama akiwa mzee naye, na awekwe pamoja naye ndugu mmoja mwaminifu, si lazima awe mkubwa, bali awe yule mwenye kuja chumbani. Wasia uandikwe, ushuhudiwe na watu 2 waadilifu, na nakala ipelekwe kwa kadhi. Nyuma yake iandikwe karatasi ya pili: dawa na saa zake, ubavu auchukiao, chakula kimkwamacho, neno limtulizalo akiwa na hasira, sura aimalizayo. Isomwe mbele ya wasii baba angali hai, na wasii alale usiku mmoja au miwili katika chumba kile, amgeuze mwenyewe saa nane za usiku, na saa kumi tena, mpaka mikono yake ijue.